Hodi kwenye Mashine Namba Nne

Wiki mbili za kwanza za kazi yangu niliwafundisha watu kucheza kinyume, na hakuna aliyenishtukia.

Chini ya kila karata kwenye kioo cha kila mashine ya kuchezea karata kwa pesa kulikuwa na kitufe chekundu, na kwenye kitufe kumeandikwa H-O-L-D. Mimi nilikuwa fundi redio kutoka Mkula, darasa la saba, na Kiingereza changu chote kilikuwa cha maneno yanayoandikwa mgongoni mwa redio. Nikasoma "hodi." Kwa kuwa nilikuwa fundi, na pia ndiye niliyewaelekeza wateja, nikawatangazia kwa sauti ya mtu anayejua: "Karata usiyoitaka, bonyeza hodi chini yake. Unabisha, mlango unafunguka, inatoka mpya."

Basi mtu anapewa wafalme watatu na takataka mbili. Anabisha hodi kwenye takataka. Mashine inazishika takataka zile kama mali ya urithi, inawatupa wafalme wote watatu.

"Fundi! Nimebisha huku, mbona wameondoka wa kule?"

"Mashine hizi zina kiburi," nilijibu. "Jaribu tena."

Wakajaribu tena. Tajiri wetu, Bwana Sayi, alikuwa na furaha isiyo kifani.

Aliyenizindua alikuwa mzee mmoja mrefu mwenye koti la kaki, ambaye kwa siku tatu alikuja ukumbini, akasimama mikono nyuma, akatazama wenzake wakicheza, akaondoka bila kununua hata tokeni moja. Siku ya nne akaniita pembeni, akanisalimu.

"Mwadila, fundi."

"Mwadila, baba."

"Ng'wanone, mwanangu, hebu kabishe hodi kwenye karata nzuri, uone."

Nikaenda namba sita, nikagawa, nikapata pea ya malkia. Nikabonyeza hodi chini ya malkia wote wawili. Wale malkia wakakaa palepale, zikabadilika zile nyingine tatu. Nikarudi kwake.

"Nani mwingine anajua?" nikamuuliza.

"Wewe na mimi."

"Sasa nifanyeje?"

"Waambie," akasema, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kifungo cha shati lake kimefunguka.

Niliwaambia jioni ileile, nimesimama juu ya kreti la soda, masikio yakiwaka moto. Mama Minza, aliyekuwa akileta samaki kutoka Lamadi na kucheza baada ya kuuza, alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe wiki mbili nawafukuza wageni, nawakaribisha wezi!" Neno hodi lilibaki hivyohivyo. Mpaka mashine zile zilipoondoka Bariadi, hodi maana yake ilikuwa "wewe baki."

Yule mzee aliitwa Luhende. Ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake.

Vijana wangu, mnaniletea simu zenu hapa Somanda nibadilishe vioo, na mkisubiri mnaoneshana mikeka ya kubeti iliyochanika kwa timu moja tu. Nawasikia. Mnadhani mzee huyu wa kanisa aliyeinamia bisibisi hajui mnachozungumza. Nilifanya kazi miaka minne katika ukumbi wa mashine za karata, na humo nilimwona mtu ambaye akili yake ilinifanya nimshukuru Mungu kwa kuumba kichwa cha binadamu. Siwafundishi kucheza. Mimi mwenyewe sijawahi kutia tokeni yangu kwenye tundu. Lakini nimeona jambo, na mtu aliyeona jambo ana deni la kulisema.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mlikuwa hamjazaliwa wengi wenu, na hapa kwetu tulikuwa bado tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga. Kila kitu kilikuwa kimefunguliwa kwa mpigo. Mitumba ikamwagika sokoni, wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na mizani zao, na kila mwenye pesa akatafuta kitu ambacho Bariadi haijawahi kukiona. Bwana Sayi alileta mashine sita, mitumba nazo, kwa lori kutoka Mwanza, zimefungwa magunia ya katani. Ukizitazama kwa mbele zilifanana kama mapacha: televisheni ndogo, kioo chenye orodha ya malipo juu yake, vitufe, tundu la tokeni.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Unatia tokeni, kuanzia moja mpaka tano. Mashine inakugawia karata tano. Unachagua za kubaki, zinazosalia zinabadilishwa mara moja, basi. Ukipata pea ya jeki na kwenda juu unarudishiwa tokeni zako. Zikipanda unalipwa zaidi. Tatu za aina moja pamoja na pea tuliita familia. Tano za alama moja tuliita ukoo. Na juu kabisa kulikuwa na kumi, jeki, malkia, mfalme na ree, zote za alama moja. Hiyo tuliita Ikulu. Miaka minne niliyokaa, niliiona kwa macho yangu mara chache sana.

Kazi yangu ilikuwa kuzifanya ziendelee kula na kutema. Msimu wa pamba ulikuwa mgumu kuliko yote. Wakulima wa Lalago walikuja moja kwa moja kutoka kuuza, tokeni wanazitia mifukoni pamoja na nyuzi za pamba, na uzi mmoja ukiingia kwenye tundu unajisokota kwenye kile kimkono kinachopima uzito wa tokeni, mashine inakataa kila kitu. Nilijifunza kuutoa kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu. Siku za samaki, magamba yaliganda kwenye vitufe. Na siku za sikukuu kulikuwa na mafuta ya samba. Wasiojua, samba ni dawa ya mvuto ambayo wacheza ngoma wa kwetu hujipaka ili watazamaji wawakimbilie wao. Mtu fulani aliwaza kwamba kinachowavuta watu kitavuta na karata, akapaka tokeni zake, na wiki hiyo kila mmoja akapaka. Nilisafisha matundu kwa spiriti huku nikiimba nyimbo za kwaya kwa hasira.

Niliwahi kufungua mgongo wa mashine mbele ya kijana mmoja aliyeapa kwamba ndani kuna mtu. Alitazama waya, akatazama ule ubao wa kijani. Kisha akauliza, "Sasa anapumulia wapi?"

Luhende yeye hakuuliza ndani kuna nini. Alisoma nje. Kabla ya kununua tokeni ya kwanza alitembea kwenye mashine zote sita na daftari la shule, akanakili namba zilizoandikwa kwenye vioo. Mimi niliyevifuta vioo vile kila asubuhi sikuwahi kuzisoma. Mashine tano zililipa familia kwa sita. Namba nne, iliyokuwa karibu na mlango wa stoo, ililipa familia kwa kumi. Tofauti ndogo hiyo ndiyo iliyomweka kwenye kiti kile. Watu walikimbilia namba moja kwa sababu juzi kuna mtu alishinda pale. Yeye alisubiri namba nne, hata kama ni kwa saa nzima, na ikikaliwa mpaka jioni alirudi nyumbani bila kinyongo.

"Baba, hizo tano ziko wazi," nilimwambia siku moja.

"Ziko wazi kwa sababu," alisema.

Kabla ya hapo alikuwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kazi yake kupanga madaraja. Alishika pamba ya mkulima, akaivuta kati ya vidole, akasema hii ni ya kwanza, hii ya pili, na hakuna aliyebishana. Ilipokuja biashara huria wanunuzi wapya walinunua yote pamoja, safi na yenye mchanga, bei moja. Mpanga madaraja hakuwa na kazi tena. Akapunguzwa pamoja na wenzake, akiwa na watoto wanne na vidole ambavyo havikuhitajika na mtu. Namba nne ndiyo iliyokuwa ikipika ugali wa nyumba ile. Alikuja saa tisa, akaondoka saa kumi na moja, akiwa mbele au akiwa nyuma. Hakuwa na siku ya bahati. Alikuwa na saa za kazi.

Nilikwenda kwake mara ya kwanza kumrekebishia redio, na hapo ndipo nilipoona shule yake. Alikuwa na bao la kuchezea, lile tunaloliita isolo, na kopo la mbegu za pamba, na karata kuukuu zilizolainika kama kitambaa. Anaweka tano juu ya mkeka, tuseme pea ya sita na karata nne za alama moja zimekutana mkononi. Ashike ipi? Anashika pea, anachukua karata mpya kutoka kwenye fungu, akilipwa anaweka mbegu kwa hesabu ya malipo kwenye shimo la kushoto. Anachanganya. Anarudia mara mia. Kisha anashika zile nne za ukoo, mara mia nyingine, mbegu zinakwenda shimo la kulia. Anatazama shimo lipi limejaa. Anaandika. Jibu lile halibadiliki tena maishani mwake. Alifanya hivyo kwa kila fumbo ambalo mashine inaweza kumtegea, usiku hapana, mchana tu, kwa sababu alisema mafuta ya taa yalikuwa ya watoto kusomea.

Nilikaa pale na bisibisi mkononi nimesahau redio. Mtu asiye na kitabu, asiye na mwalimu, amelima shamba la hesabu kwa mbegu za pamba mpaka akafika mwisho wake. Nilifikiri jinsi karata hamsini na mbili zinavyoweza kuanguka kwa njia nyingi kuliko watu wote wa wilaya yetu, na mtu huyu amezipitia njia zile kwa subira, moja baada ya moja, akiwa amekunja miguu. Nilipotoka nje nilitazama anga la jioni nikajisikia mdogo sana, na nilifurahi kujisikia hivyo.

Ukumbini walisema ana samba kali kuliko zote.

"Luhende, tupake na sisi basi!" Mama Minza alimchokoza. "Au mpaka tuje na kuku?"

"Mayu, samba yangu iko pale juu," akaonesha kioo cha malipo. "Tena ni bure. Imeandikwa."

"Mimi sijui kusoma hayo."

"Hata fundi alikuwa hajui."

Kicheko kilichofuata kilikuwa changu kukibeba kwa siku kadhaa.

Alinifundisha bila kujua ananifundisha. Wengi walipopata pea walishika na ree pembeni, wakisema inasindikiza. Yeye alisema pea haihitaji msindikizaji, inahitaji nafasi tatu za kuokota. Alitia tokeni tano kila mara, kwa kuwa Ikulu ililipa malipo yake makubwa kwa aliyetia tano tu, na faida yote ya mwaka ilikuwa imefichwa mle. "Bila Ikulu," aliniambia, "mimi ni mtu anayepoteza polepole akidhani anashinda." Kumbukeni maneno hayo. Na umeme ukikatika, watu wakirudi mbio wakiamini mashine imesahau na itatoa, yeye alikuja kwa mwendo wake wa kawaida. "Haikumbuki ili isahau," alisema. Akikosa mara thelathini mfululizo uso wake ulikuwa uleule wa aliyepata. Nilijiuliza mara nyingi kama mimi naomba Mungu kwa uso wa namna ile. Sikupenda jibu nililojipa.

Sasa nifike mahali ninapoona aibu.

Mwaka wa nne Bwana Sayi alirudi kutoka Mwanza na kitu kidogo kimefungwa kwenye pamba, ndani ya kasha la kiberiti. Ilikuwa chipu, ile yenye miguu ishirini na minane, ambayo ndiyo akili ya mashine.

"Kuna mtu ananinyonya pale namba nne," alisema.

"Hanyonyi, bosi. Anasoma kioo."

"Wewe ni fundi wake au wangu?"

Akaniwekea kasha mkononi. "Toa ya zamani, weka hii. Kila kitu kitabaki vilevile. Isipokuwa mtu akishika karata nne za Ikulu, ya tano haitoki."

"Haitoki kamwe?"

"Kamwe. Nani atajua? Kwani kila siku inatoka?" Kisha akaongeza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, "Mkeo yuko karibu kujifungua, sivyo? Ukitaka kurudi Mkula kutengeneza redio za betri za kuanika juani, niambie tu."

Kanisani tulifundishwa habari za mizani ya uongo, na kila mkulima wa kwetu ameiona kwa macho. Sikuhitaji mhubiri. Nilijua ninachokifanya nilipofungua mgongo wa namba nne asubuhi, kabla wateja hawajaja. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika chai. Chipu ya zamani niliitia kwenye kasha lile la kiberiti, nikaificha kwenye sanduku langu la vifaa.

Luhende alicheza juu ya uongo ule kwa siku kumi na mbili. Nilijiambia pengine hatapata nne za Ikulu. Siku ya kumi na mbili, saa kumi hivi, nilikuwa nafungua namba tatu iliyoziba, niko bega kwa bega naye, nikaona kioo chake. Kumi, jeki, malkia, mfalme, vyote vya kopa. Na nne ya kopa. Ukoo kamili tayari, wa kulipwa tokeni thelathini papo hapo.

"Baba, bisha hodi zote tano!" Mama Minza alipiga kelele nyuma yetu. "Chukua, chukua! Mungu akupe nini tena?"

Watu wakakusanyika. Luhende akabisha hodi kwenye karata nne tu. Kumi, jeki, malkia, mfalme. Nne ya kopa ikabaki peke yake bila hodi, ikisubiri kutupwa. Akaupeleka mkono kwenye kitufe cha kugawa, kisha akasita, akanigeukia. Hakuwahi kunigeukia akiwa kazini.

"Ng'wanone, waeleze hawa. Kwa nini naitupa hii nne?"

Alikuwa ananipa heshima mbele za watu. Alijua nimejifunza, alitaka wajue kwamba fundi aliyesoma "hodi" sasa anaelewa. Nami jibu nilikuwa nalo.

"Kwa sababu," nikasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, "ukoo ni tokeni thelathini, na Ikulu ni elfu nne. Ree ya kopa ni karata moja kati ya arobaini na saba zilizobaki. Ukirudia mara nyingi, kuitupa nne kunalipa zaidi."

"Wabeja," akanishukuru. "Mmesikia?"

Kila neno nililosema lilikuwa kweli kwa mashine yoyote ya haki. Kwa ile, mimi pekee katika chumba kile nilijua kwamba ree ya kopa haimo. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema neno moja. Nimewahi kuupima muda ule, vijana, nikiwa peke yangu: unatosha hata maneno matatu.

Akabonyeza. Ikatoka mbili ya maua.

Kelele ilivyokuwa mnaweza kuifikiria. Wengine waliondoka wakitikisa vichwa, wakisema mzee amechanganyikiwa, samba imemgeuka. Mama Minza alikasirika kana kwamba tokeni thelathini zilikuwa zake. Luhende akaandika kitu kwenye daftari, akatia tokeni tano nyingine. Uso uleule. Akaniambia kwa chini, ili kunifariji mimi, "Tumefanya sawa. Matokeo siyo yetu."

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya meza ya Bwana. Nilikaa kwenye benchi, wengine wakapita mbele, mimi nikabaki nimekaa. Mke wangu aliniuliza kwa macho, nikatazama chini. Ibada ilipoisha sikwenda nyumbani. Nilitembea moja kwa moja mpaka kwa Luhende, na suruali yangu ya kanisani, na vumbi likinifika magotini.

Nilimkuta ameketi na bao lake. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: kasha la kiberiti, chipu, siku kumi na mbili, ree ya kopa. Nilimwambia kwamba nilikuwa najua hata wakati kidole chake kiko juu ya kitufe. Mbegu moja ya pamba ilikuwa katikati ya vidole vyake na alikuwa akiizungusha polepole, kama zamani alivyokuwa akivuta pamba.

Aliponijibu hakupandisha sauti.

"Uongo huo ningehitaji miaka kuukamata," alisema. "Ikulu huja mara chache, kwa hiyo kukosekana kwake hakuonekani. Ningekosa, ningesema ni kawaida. Ningeendelea. Ningekwisha." Akatikisa kichwa, na nikaona kitu ambacho sikukitarajia: mtu yule alikuwa akistaajabu, kama mtu anayetazama ushonaji mzuri wa nguo aliyoibiwa. "Aliyetengeneza hiyo ana akili."

"Nisamehe, baba."

"Kioo nilikisoma siku tatu kabla ya kukaa," alisema. "Wewe nimekuona kila siku kwa miaka, na sikukusoma." Akaiweka mbegu shimoni. "Unayo ile ya zamani?"

"Ninayo."

"Sasa unaniambia ili nikupe ruhusa ya kuirudisha, au ili nikusamehe bila wewe kuirudisha?"

Mke wake alinitolea maji ya kunywa, nikanywa, nikaaga.

Najua mtauliza Bwana Sayi alifanya nini, nami nitawaeleza upesi. Hakunipeleka polisi, maana angeeleza nini huko? Alinifukuza, japo nilikuwa nimekwisha kuandika barua ya kuacha kazi, akanikata mshahara wa mwezi ule. Baada ya wiki aliiondoa namba nne na kuipeleka asikojua mtu, na mwaka uliofuata akauza zote tano, akafungua duka la vipuri. Mimi nilikaa na njaa miezi kadhaa, mtoto wetu wa kwanza akazaliwa katika njaa ile, na Mungu akatulisha kwa mikono ya watu ambao sikuwahi kuwafikiria. Luhende alirudi kwenye pamba baadaye, mnunuzi mmoja alipogundua kwamba mchanga nao una uzito. Alipanga madaraja mpaka alipofariki. Hakuwahi kumweleza mtu mwingine jambo lile, na ninyi ndio wa kwanza kulisikia kutoka kwangu.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na ile Jumatatu. Bwana Sayi alikuwa Mwanza, angerudi jioni, na barua yangu ya kuacha kazi ilikuwa tayari mezani kwake pamoja na funguo za akiba. Asubuhi nilikuwa nimeirudisha chipu ya zamani, na ile mpya nimeivunja kwa koleo mpaka miguu yake yote ishirini na minane ikatawanyika sakafuni. Nikafuta vioo. Nikasubiri, nikiwa na hakika kwamba hatakuja.

Saa tisa akaingia na koti lake la kaki. Hakwenda kutazama vioo. Alikuja mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Mwadila, fundi."

"Mwadila, baba."

"Umerudisha?"

"Nimerudisha, baba."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile kabla wala baada. Kwa nje namba nne ilikuwa ileile ya juzi, kioo kilekile, vitufe vilevile, na alijua kuliko mtu yeyote kwamba asingeweza kuipima. Mbegu zote za Lalago zisingetosha. Mtu huyu hakuwahi kukubali hata pea ya sita bila kuijaribu mara mia juu ya mkeka, na mbele yake hakukuwa na kitu cha kuhesabu isipokuwa neno langu, la mtu aliyemnyamazia siku kumi na mbili.

Akavuta kiti, akakaa, akatia tokeni tano.